Kiwango cha wote, hataza ya mmoja: ni haki?

Kipanga: Kitu kikishakuwa kiwango cha intaneti, yaani utaratibu wa pamoja wa kufanya vifaa vielewane, kila mtu analazimika kukitumia. Iweje ndani yake kuwe na hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mtu anayedai mrabaha, yaani alipwe kila ikitumika? Kumbukeni GIF, aina ile ya faili za picha. Imetoka 1987, watu wameizoea, mwisho wa 1994 kampuni ya Unisys, wenye GIF yao, wanataka walipwe.

Nyanyachungu: GIF ni ya kampuni nyingine, CompuServe. Unisys walikuwa na hataza ya LZW, ile njia ya kubana picha iliyomo ndani yake. Hasira ile ndiyo iliyozaa PNG, aina ya picha isiyo na mrabaha.

Mzee wa Hesabu: Na mtafiti ale nini? Mmezoea vya bure nyie, kama watu wa harusi za kudandia.

PichaTanga: Mzee, harusi niachie mimi. Juzi nimepiga video kwa simu, kumbe imejirekodi kwa HEVC, njia ya kubana video. Mteja anafungua kwenye laptopu: vigelegele anavisikia, bibi harusi hamuoni, giza tupu. Kidirisha kinamwambia anunue kiongezi, kiprogramu cha kuifungua, kama dola moja hivi. Saa nne usiku ananipigia, eti nimemharibia harusi!

Mzee wa Hesabu: Unachukua laki nane, dola moja inakutoa machozi?

PichaTanga: Laki nane nani kakwambia?

Nyanyachungu: Shida ya HEVC haikuwa dola, ni foleni ya wadai wa mrabaha. Ulikuwa ukimalizana na MPEG LA, yupo HEVC Advance, nyuma yake Velos, wote wakusanyaji wa malipo ya hataza. Utadhani vizuizi vya ushuru wa mazao. Ndiyo maana kina Google, Mozilla na Netflix waliungana 2015, wakatoa AV1 2018, njia yao ya kubana video, bila mrabaha.

Mzee wa Hesabu: Google anagawa bure kwa sababu hela yake iko kwenye matangazo. Mwenye maabara tu atagawa nini? Na hiyo AV1 yenyewe Sisvel, kampuni ya kukusanya mrabaha, keshaidai.

Kipanga: Kudai si kushinda. W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 2004 wanataka wanachama wanaoshiriki kutunga kiwango waruhusu hataza zao zinazokihusu zitumike bila malipo, na wavuti haujafa.

PichaTanga: Mzee hajajibu. Laki nane kaitoa wapi?

Mzee wa Hesabu: Mdogo wangu alikulipa wewe.

PichaTanga: Aaa! Yule aliyebakiza laki mbili mpaka leo?

Mzee wa Hesabu: Familia yangu usiilete hapa.

Shemeji wa Muheza: Jamani, PichaTanga, Desemba una nafasi? Nina laki tano.

PichaTanga: Karibu shemeji. Yako nitapiga kwa H.264, njia ya zamani kuliko HEVC, inafunguka popote.

Kipanga: Nayo ina hataza.