Bima kubwa au bima ndogo kwa IST inayolala Iyumbu na kushinda Mtumba?

Mkazi wa Iyumbu
Wakuu, habari za jioni. Bima yangu inaisha mwisho wa mwezi. Gari ni IST, sokoni kama milioni 14. Kila siku kazini Mtumba, hapa Dodoma, na kurudi, mara mojamoja nashuka Dar au napanda Singida kwa wazee. Ofisini wamegawanyika: wengine wanasema bima kubwa ni kuwatajirisha wenye makampuni, wengine wanasema ukiwa nayo gonga unachotaka, utalipwa. Pia nimesikia gari jekundu linalipiwa zaidi. Langu ni jekundu.

Broka wa Area C
Rangi haiulizwi, mkuu. Huo ni uvumi wa Marekani, na hata huko si kweli. Hapa wanaangalia aina ya gari, matumizi yake, na kwa bima kubwa, thamani.

Hesabu iko hivi. Bima ndogo ya gari binafsi tumeizoea 118,000, yaani laki moja ukijumlisha VAT ya asilimia 18. Bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lako mwenyewe, chukua asilimia 3.5 ya thamani: kwa milioni 14 ni 490,000, na VAT inafika 578,200. Tofauti ni 460,200 kwa mwaka. Sasa jiulize: IST ikiibwa usiku wa leo, unaweza kununua nyingine bila kukopa saccos? Kama huwezi, jibu unalo.

Fundi Majengo
Mimi wateja nawaona gereji. Mtu ana bima ndogo, kaigonga Noah ya mwenzake kwa nyuma, anakuja kifua mbele: "Bima itatengeneza zote mbili." Wapi! Bima ndogo inamwangalia mtu wa tatu, yaani uliyemjeruhi au kumuua, na mali yake uliyoharibu, kwa kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba. Gari lako ni juu yako.

Na wewe unayepanda Singida, fikiria barabara ya Bahi saa kumi na mbili jioni, jua limekukaa machoni, ng'ombe wanarudi bomani. Ukimpata mmoja, taa, bampa, boneti na rejeta vimekwenda. Kwa bima ndogo hakuna wa kumpigia simu zaidi yangu mimi.

Mama Ntyuka
Fundi kasema kweli, ila na hao wa "gonga unachotaka" wasidanganye watu. Bima kubwa ina ekisesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe kila unapodai. Mkwaruzo wa mlangoni mara nyingi unaishia humohumo kwenye ekisesi, hupati kitu. Tairi kuisha na injini kuchoka navyo si ajali, havimo.

Halafu kuna mambo yanayokunyima malipo kabisa. Jirani yangu alimwachia mdogo wake gari, hana leseni, akalivuruga. Kampuni ikakataa, na mkataba ulikuwa upande wao. Vivyo hivyo kuendesha umelewa, au gari limeandikwa binafsi huku jioni unabeba abiria wa mtandaoni. Matumizi ya biashara yana bima yake, semeni ukweli mnapojaza fomu.

Kijana wa Makole
Mimi ningeandika milioni 25. Likiibwa nakula faida 😂

Broka wa Area C
@Kijana wa Makole utalipa ada ya milioni 25 na kufidiwa ya milioni 14. Wanalipa thamani ya soko siku ya hasara, wala si uliyoiota. Ukishusha nayo ni balaa: gari la milioni 14 umeliandika 7, hasara ikawa milioni 4, kampuni nyingi zitakuhesabia umekata bima nusu, hivyo utapata milioni 2, na ekisesi bado haijatolewa. Gari likaguliwe, liandikwe bei yake.

Mzee wa Kongwa
Vijana mmesahau ya katikati: mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Ajali ya gari lako hailipi, lakini likiibwa au kuungua unalipwa. Kwa Probox yangu iliyozeeka inanitosha, maana gari kuukuu si kila kampuni inalipokea kwenye bima kubwa.

Jingine, msiamini stika kwa macho. Ingieni TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, andikeni namba ya gari, muone kama bima ipo na inaisha lini. Wakala wa mtaani anaweza kukuchapishia stika nzuri kuliko ya halali. TIRA wenyewe makao makuu yao yako hapahapa Dodoma. Kampuni ikigoma kulipa bila sababu, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Mpelekee kabla hujatafuta wakili.

Mkazi wa Iyumbu
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Naenda na kubwa. Nikiliuza katikati ya mwaka, bima si inaondoka na gari?

Broka wa Area C
Haiondoki yenyewe. Mkataba ni wako na kampuni, gari likibadili jina lazima kampuni ijulishwe na ikubali kumhamishia mnunuzi. Wengi wananunua gari, wanaona stika ina miezi sita mbele, wanatulia. Siku ya ajali jina kwenye bima ni la aliyeuza. Ukiuza, pita ofisini kwao siku hiyohiyo. Ukitaka kuivunja, uliza kiasi watakachokurudishia kwa miezi iliyobaki.

Fundi Majengo
Na ukipata ajali usiniletee gari kwanza 😅 Piga picha, ita trafiki, ijulishe kampuni, subiri mkadiria hasara. Nikishanyoosha bodi, atakadiria nini?