Tupeane uzoefu: Kredit zilizozidi chuoni Marekani zilikugharimu nini?

Mwanzisha uzi:
Wakuu, habari za mihangaiko. Kila msimu wa kujiandikisha masomo nakutana na ndugu ambaye ada yake imepanda ghafla au Pell Grant yake (ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo) imekatika, na ukimuuliza anakwambia GPA, yaani wastani wa alama, iko vizuri. GPA si tatizo. Chuo cha umma katika baadhi ya majimbo ya Marekani kina mita tatu za kuhesabu masomo yako zinazozunguka kwa wakati mmoja: ya jimbo, ya serikali kuu, na ya aliyekupa ufadhili. Kila moja inahesabu kivyake, na hakuna inayosubiri nyingine.

Texas, kikomo ni kredit 30 juu ya zile digrii inazotaka. Digrii ya 120, ukivuka 150 chuo kinaruhusiwa kukutoza mpaka kiwango cha mtu wa nje ya jimbo. Florida, walioanza majira ya joto ya 2019 na kuendelea, kikomo ni asilimia 120, yaani 144 kwa digrii ya 120. Kila kredit inayopita hapo, ada yake ya masomo ni mara mbili. Serikali kuu ina hesabu yake: kikomo cha kupata msaada wake ni asilimia 150 ya urefu wa programu, na Pell mwisho wake ni semesta 12 za muda wote, maisha yako yote.

Mwenye kisa amwage. Tajeni jimbo, bila jimbo kisa hakimsaidii mtu.

Mama Nesi, Dallas:
Mimi ni Mkenya, niko Texas. Nilianza komyuniti koleji, kile chuo cha miaka miwili, nikitaka unesi tu, sina mpango mwingine. Lakini nafasi za unesi ni za kugombania, kwa hivyo ukingoja kuitwa unajaza semesta na chochote kilichoko: lishe, saikolojia, hata historia ya sanaa. Ukishuka chini ya kredit 12 Pell nayo inapungua, na ile pesa inayobaki baada ya karo ndiyo ilikuwa inanisukuma na rent.

Kuja kuitwa, programu ikasema anatomia na fiziolojia zangu zimepitisha miaka mitano, nirudie. Nilikuwa nimepita vizuri, na niliporudia nikapita tena. Kwa jimbo hizo ni kredit nane, kisha nane zingine juu yake. Halafu nikahamia chuo kikuu kumalizia digrii ya unesi. Nikiwa muhula wa mwisho, bili ikaja na mstari ambao sijawahi kuuona. Nikapiga simu nikijua ni kompyuta imekosea. Msichana aliyeshika simu alinieleza kwa upole sana kwamba kredit za komyuniti koleji zote zimenifuata, zile za kujaza na zile za kurudia.

Nililipa, nitafanyaje? Nilibeba shifti za usiku kila wikendi mpaka nikamaliza. Kile kinaniuma ni kwamba hakuna mtu aliniambia nikiwa kwa foleni.

Mwanzisha uzi:
Pole sana dada. Hapa sitalaumu mtu binafsi. Mfumo unakutaka usubiri, ukisubiri unakutoza kwa kusubiri. Wa Texas waongeze hili: somo ulilofeli linahesabiwa, na ulilolitema, yaani kuliacha katikati, baada ya siku ya 12 ya masomo pia linahesabiwa. Masomo ya msingi ya kukuandaa na yale ya AP, ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari, yana msamaha wake. Na kuna sheria nyingine kabisa, isichanganywe na hii: huruhusiwi kutema masomo zaidi ya sita katika digrii yako ya kwanza.

Mukongomani, Fort Worth:
Asante kwa uzi. Sisi tulikuja na familia kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tulipata makazi hapa. Kiingereza kilinitesa kwanza, nikafanya masomo ya lugha, kisha nikaingia koleji huku nafanya kazi usiku.

Mtoto wangu akalazwa. Nikaacha masomo matatu pamoja, nikapewa W, alama ya mtu aliyeacha somo. Watu wote waliniambia W haiguse GPA, usiwe na wasiwasi. Ni kweli haiguse. Lakini msaada wa serikali unauliza jambo lingine: kati ya kredit ulizoanza, umemaliza ngapi? Chuo changu kinataka asilimia 67. Mimi nilikuwa chini, msaada ukasimama.

Kilichonisaidia ni rufaa. Nilipeleka karatasi za hospitali, nikaandika kilichotokea na kilichobadilika: mtoto amepona, bibi yangu amebadili zamu. Waliuliza sana hiyo ya pili. Wakanipa mpango wa masomo wa kufuata semesta kwa semesta. Yule anayeandika huruma tu bila kusema nini kimebadilika, nimeona wanamukatalia.

Mbongo, Orlando:
Kisa changu kitawachanganya. Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, nina stashahada ya uhasibu ya nyumbani. Chuo kikapokea kredit 42 na nikafurahi kama mjinga. Nikabadili meja, yaani fani ya digrii, kwenda kompyuta, nyingi zikabaki za mapambo.

Mita ya Florida haizihesabu zile zilizohamishwa kama hazitumiki kwenye digrii yako. Ila kwenye mita ya serikali kuu, chuo changu kinazihesabu zote zilizopokelewa. Kwa hiyo jimbo linaniona bado kijana, Washington inaniona mzee. Niliomba zile zisizo na kazi zifutwe, chuo changu kikakataa. Wengine wenye shahada na stashahada za Bongo, muulize zitaingia wapi kabla hamjashangilia idadi.

F-1 asiye na mjomba:
Mimi niko kwa F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni; tayari nalipa ada ya nje ya jimbo, na Pell siruhusiwi. Yangu ni skolashipu ya semesta nane, nukta. Viza inataka angalau kredit 12 kwa semesta, na kila mtu anakwambia 12 inatosha. Piga hesabu: 12 mara nane ni 96. Digrii ni 120. Zile 24 utazilipia na nini? Nimebeba 15 tangu nilipogundua, semesta mbili nikabeba 18. Usingizi nimeusahau.

Baba Mwanafunzi, Tampa:
Binti yangu ana Bright Futures, skolashipu ya jimbo la Florida. Tuliogopa kredit za AP zitamfikisha kikomo haraka. Hazihesabiwi kwenye ile ada ya ziada, tumehakikishiwa. Akisoma meja mbili kwa pamoja, kredit za meja ya pili zina msamaha pia. Lakini akitema somo baada ya siku za kubadilisha kupita, pesa ambayo Bright Futures ilililipia somo hilo tunairudisha sisi wenyewe.

Mgeni wa jukwaa:
Shikamooni wakubwa. Nimebakiza masomo mawili tu nimalize, ya kredit tatu tatu. Nataka niongeze mawili ya kujaza ili niwe wa muda wote nipate Pell kamili. Inafaa?

Mwanzisha uzi:
Marahaba. Haifai. Msaada wa serikali kuu hulipia masomo yaliyomo kwenye programu yako tu. Hayo ya kujaza hayataongeza Pell hata senti, ila kwenye mita ya jimbo, kama jimbo lako linayo, yatahesabiwa. Chukua hayo mawili, utahesabiwa nusu muda na Pell itakuja kwa kiwango hicho. Na usiteme hata moja: ukibaki na kredit tatu, mkopo wa muhula huo ambao haujatoka hupati, na ile miezi sita ya kabla ya kuanza kulipa mikopo ya zamani inaanza kuhesabika siku hiyo hiyo.