Wanaume wenye chuchu zilizovimba: mliopasuliwa na mlioghairi, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 27, kilo 68, si mnene hata kidogo. Lakini tangu darasa la saba chuchu zangu zimetuna kama vifuniko vya soda, na chini yake pana kitu kigumu cha mviringo, ukikibonyeza kinateleza. Nikioga maji ya baridi zinanywea, najiangalia kwenye kioo naona kifua cha mwanaume. Nikitoka nje, jua la Dar dakika kumi tu, zimerudi.

Ndiyo maana fulana zangu zote nazijua tabia. Nyeusi nzito inasitiri, nyeupe laini naiogopa kama ukoma. Ofisini wamegawa jezi za bonanza, yangu haijatoka kwenye nailoni. Hela nimedunduliza, ninayo. Nilimpigia daktari mmoja akaniambia "njoo Jumamosi, kazi ya saa moja hiyo". Hiyo haraka yake ndiyo imenitia shaka.

Mliopita njia hii mfunguke. Utani ruksa.

Kaka Mzito: Piga push-up 200 kila siku mkuu, zitaisha.

Mleta mada: Nilipiga mwaka mzima. Kifua kikajaa, chuchu zikapata jukwaa.

Fundi Geti: Mdogo wangu, mimi nilipasuliwa nikiwa na miaka 31. Ngoja nikueleze taratibu maana kipindi changu sikupata wa kuniambia.

Kwanza daktari wangu hakuniita Jumamosi. Alinilaza chali, mikono nyuma ya kichwa, akabana kwa kidole gumba na cha shahada kutoka pembeni kuja kwenye chuchu. Kama ni mafuta, vidole vinakutana bila kukuta kitu. Kama ni tezi, vinagota kwenye kitu kama kipande cha kandambili. Mimi ilikuwa tezi, na mafuta kidogo pembeni. Halafu akaniambia nivue suruali. Nikashangaa, nimekuja na matatizo ya kifuani! Kumbe anakagua korodani, kwa sababu uvimbe wa huko unaweza kumwaga homoni zikaotesha matiti. Akanipima ini, figo, tezi ya shingo na homoni. Akaniuliza dawa zote ninazomeza, mpaka za vidonda vya tumbo. Kuhusu kuku wa kisasa hakuuliza, nawaambia mapema kabla hamjaanza.

Siku yenyewe ni nusu kaputi, hujui kitu. Wanachana nusu duara upande wa chini wa ule weusi wa chuchu, pale unapokutana na ngozi ya kawaida, ili kovu lijifiche kwenye mpaka. Mafuta wananyonya kwa mrija, tezi wanaikata. Kidogo wanakibakiza makusudi chini ya chuchu, la sivyo chuchu inadidimia kama kisahani. Kilichokatwa kinapelekwa maabara kuangaliwa. Uliza hilo kabla hujalipa, na asiyepeleka usimpe mwili wako.

Nikaamka na vimrija viwili vya kutolea damu na vesti ya kubana kama nimefungwa na mpira wa baiskeli. Vesti hiyo ni wiki sita, usiku na mchana, Dar hii, mwezi wa pili! Nililala chali mpaka nikasahau ubavu. Siku ya tatu upande wa kushoto ukavimba kama embe dodo: damu imevilia ndani. Nikarudishwa tena mezani. Hilo linatokea hata kwa fundi mzuri, ila yule wa "kazi ya saa moja" hatakwambia. Chuchu zilikufa ganzi miezi mingi, moja mpaka leo naisikia kwa mbali.

Gharama ilikaribia bei ya bodaboda mpya, na bima walisema hayo ni mambo ya urembo. Je, najuta? Hapana. Kushoto kuna kabonde kidogo, mke wangu anasema anakaona, mimi nasema ni kivuli.

Wa Njombe: Mimi zilianza nikiwa na miaka 13. Kwetu wasichana wakitaka matiti yaote haraka walikuwa wanamkamata yule mdudu wa kwenye maji wanamweka amng'ate. Basi dada zangu wakaeneza kwamba nimemuiba mdudu wao. Niliteseka shule nzima. Nilipofika kidato cha tatu zikanywea zenyewe, sikufanya lolote. Mdudu alisamehewa, ila jina la "Mama Wadudu" ninalo mpaka kwenye grupu la ukoo.

Sista wa Zamu: Samahani naingilia baraza la kaka zangu, mimi ni muuguzi. Wa Njombe ndiye mfano wa wengi: kwa vijana wanaobalehe hali hii ni ya kawaida sana na mara nyingi huisha ndani ya miaka miwili. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 14 asikimbilie kisu. Ikishakaa miaka kama ya mleta mada, tezi inakuwa imekomaa na kuwa ngumu, vidonge haviisaidii sana.

Ila kaka, ukiona uvimbe ni wa upande mmoja, mgumu, haupo katikati ya chuchu, au chuchu inavutwa ndani, inatoa damu, au kuna donge kwapani, hapo acha habari za fulana, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Katika kila wagonjwa mia wa saratani ya matiti, mmoja hivi ni mwanaume, na wengi wao wanakuja wamechelewa kwa sababu ya aibu hiihii.

Nimejificha Leo: Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya huu uzi tu. Mimi natumia ARV tangu 2013, kile kidonge kilichokuwa na efavirenz. Baada ya miaka mitatu titi la kulia likaota, likawa linauma hata mkanda wa gari ukipita. Kliniki niliogopa kusema, nikaanza kutafuta wa kunipasua. Siku moja daktari wa kliniki aliligusa kwa bahati wakati ananipima kifua, akaniuliza "hili la lini?" Nikamwaga yote. Akaniambia dawa hiyo inafahamika kwa hilo. Baadaye tulipohamishiwa dolutegravir lilinywea polepole, halikuisha lote lakini silifikirii tena. Ningepasuliwa kipindi kile, kisababishi ningeendelea kukimeza kila usiku saa tatu. Ila msije mkaacha dawa kwa sababu ya comment yangu. Mwambieni daktari, abadilishe yeye.

Chuma cha Mbagala: Yangu nilijitakia. Sindano za gym. Homoni ya kiume ikizidi, mwili unageuza sehemu yake kuwa ya kike, wauzaji hilo hawasemi. Nikapasuliwa, nikakaa vizuri mwaka mmoja, nikarudi kwenye sindano. Kile kipande alichobakiza daktari kikaamka. Sasa hivi nina kovu NA chuchu.

Mtoto wa Forodhani: Miye sikupasuliwa. Utoto wote nikiruka baharini na fulana, nawaambia wenzangu naogopa jua. Mzenji anaogopa jua! Daktari alitazama kovu langu la chanjo begani, limeota kama tambi, akanambia ngozi yako ikichanwa kifuani huenda ikaota hivi hivi. Nikakaa nikafikiri: chuchu iliyotuna au kovu lililotuna? Nikabaki na chuchu. Nikishaoa sikuona mtu akilalamika.

Mleta mada: Wakuu, nimerudi. Yule wa Jumamosi nimeachana naye. Nimekwenda hospitali ya rufaa, nikakutana na daktari wa upasuaji, mtu mzima. Amenibana kama alivyosema Fundi Geti, na suruali nilivua, nilikuwa nimejiandaa kisaikolojia. Ni tezi, pande zote mbili. Kovu langu la chanjo limelala, akasema hiyo ni dalili nzuri ingawa si ahadi. Vipimo vya damu majibu Alhamisi, tarehe tutapanga baada ya hapo.

Mwisho akaniuliza, ukishapona utafanya nini cha kwanza? Nilidhani nitasema kuogelea. Nikajikuta nasema nitaivaa ile jezi. Namba 8.

Fundi Geti: Omba tarehe ya mwezi wa sita, kipindi cha baridi. Na ununue vesti mbili, moja ikifuliwa nyingine umevaa. Mimi nilinunua moja, waulize niliopanga nao.