Mwanzilishi wa shirika letu la hisani anataka mshahara wa mkurugenzi: nani apange kiasi?

Swali: Mchangiaji, Leicester

Ndugu zangu, naomba ushauri katika jambo lililotugawa. Sisi ni Watanzania na Wakenya tunaoishi Uingereza, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukichangia shirika dogo la hisani lililosajiliwa hapa, ambalo hulipia ada na chakula cha watoto yatima mkoani Tanga. Fedha zote hutoka mifukoni mwa watu wa kawaida: madereva wa mabasi, wauguzi, na wale wanaopanga mizigo ghalani usiku kucha. Mwanzilishi amejitolea tangu mwanzo, na hakuna anayekana kwamba limemtoa jasho. Sasa ameleta pendekezo la kuajiriwa kama mkurugenzi kwa mshahara ambao ungemeza karibu theluthi ya mapato ya mwaka. Yeye mwenyewe ni mmoja wa wadhamini wanne wanaolisimamia shirika. Wa pili ni mkewe, na wa tatu ni shemeji yake.

Baadhi yetu wanasema sadaka ya yatima haiwezi kulipa mshahara wa mtu mzima mwenye nguvu zake. Wengine wanasema kazi ni kazi. Je, kuna kipimo chochote cha mshahara wa haki katika shirika la namna hii? Na mtu anayetoa pauni kumi kwa mwezi ana haki gani ya kuuliza?

Jibu: Mfanyakazi wa shirika, Nairobi

Ndugu muulizaji, nianze kwa kuwapinga hao wanaosema asilipwe kitu. Nimefanya kazi katika mashirika haya muda mrefu wa kutosha kuona kwamba shirika linaloendeshwa na watu wasiolipwa huishia mikononi mwa wale wenye uwezo wa kukaa bila kipato, au mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka ambaye hakuna anayethubutu kumkosoa, kwa sababu kila akiulizwa hujibu kwamba anajitolea. Mtu aliyeajiriwa ana mkataba, ana majukumu yaliyoandikwa, na anaweza kufukuzwa.

Kuhusu theluthi, nawasihi msiifanye asilimia kuwa hakimu. Asilimia ya gharama za uendeshaji hupikika kwa urahisi: mshahara wa mkurugenzi ukigawanywa na sehemu kubwa ikaandikwa chini ya “miradi”, shirika huonekana halitumii chochote ofisini. Shirika dogo nalo litakuwa na asilimia kubwa hata likiendeshwa kwa uaminifu wote, kwa kuwa mhasibu mmoja ni mhasibu mmoja, mapato yawe madogo au makubwa.

Huku kwetu Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilikaa kabatini hadi tarehe 14 Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Miaka 11! Kwa hiyo nyinyi mlioko Uingereza, ambako mdhibiti yupo na anafanya kazi, mtumieni.

Jibu: Mhasibu, London

Ninakubaliana na aliyetangulia kwamba mshahara wenyewe si dhambi, ila ninaona amelipita jambo zito kuliko yote katika swali hili, nalo ni wale wadhamini watatu wa nyumba moja. Kwa sheria ya England na Wales, mdhamini hapaswi kujinufaisha kutokana na nafasi yake isipokuwa katiba ya shirika, sheria, au Charity Commission (Tume inayodhibiti mashirika ya hisani) imeruhusu, na mwenye mgongano wa maslahi hutakiwa kujitoa katika uamuzi. Watatu wakijitoa, anabaki mdhamini mmoja, na sioni jinsi mtu mmoja atakavyotosha kuwa kikao. Maana yake ni kwamba, kama mambo yalivyo sasa, hakuna mtu ndani ya shirika lenu mwenye uwezo wa kusema “hapana” na ikawa hapana.

Kisa cha Captain Tom Moore, mwanajeshi mstaafu wa Uingereza, kinafundisha hapa, na ni vizuri kukieleza kwa usahihi kwa sababu wengi hukichanganya. Mzee huyo alitembea mizunguko 100 bustanini kwake mnamo Aprili 2020, akielekea kutimiza miaka 100, na zaidi ya pauni milioni 38 alizokusanya zilikwenda kwa NHS Charities Together, shirika la hisani la huduma ya afya ya umma. Hizo hazikuguswa na lawama yoyote. Lawama ziliangukia taasisi nyingine, iliyoanzishwa baadaye mwaka huo kwa jina lake. Mzee alifariki Februari 2021, na kabla mwaka haujaisha wadhamini waliomba ruhusa ya kumwajiri binti yake, Hannah Ingram-Moore, kama mkurugenzi kwa pauni 100,000 kwa mwaka. Tume ilikataa, ikiona kiasi hicho hakina sababu ya kutosha, kisha ikaruhusu kiwango cha pauni 85,000 kwa mwaka, kwa muda usiozidi miezi tisa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Novemba 2024 ilieleza pia kwamba binti huyo alilipwa pauni 18,000 kwa kazi ya kushiriki katika utoaji wa tuzo za kampuni moja ilhali taasisi yenyewe ilipata 2,000, na kwamba malipo ya awali ya vitabu vya mzee, yaliyozidi pauni milioni 1.4, yaliingia katika kampuni ya familia wakati wasomaji wangeweza kuamini kwamba wanaichangia taasisi. Yeye na mumewe walizuiwa kuwa wadhamini, yeye kwa miaka kumi na mumewe kwa miaka minane. Familia iliyapinga matokeo hayo, ikasema haikutendewa haki.

Sasa kipimo. Hakuna jedwali la mishahara ya haki, wala msilitafute. Kanuni za kodi za Marekani, ambazo katika hili naziona ni safi, zinaangalia njia iliyofuatwa: uamuzi umefanywa na watu wasio na maslahi, wamelinganisha na malipo ya kazi kama hiyo katika mashirika ya ukubwa huo, na sababu zao ziliandikwa wakati ule ule, si baada ya maswali kuanza. Atakayekutwa amejipatia malipo ya kupita kiasi hutozwa kodi ya asilimia 25 ya kiasi kilichozidi, na asipokirudisha kwa wakati hutozwa asilimia 200.

Kuhusu pauni kumi zako: haki yako haitegemei hata hizo. Mtu yeyote, awe mchangiaji au asiwe, akiomba kwa maandishi hesabu za karibuni za shirika la hisani, shirika linapaswa kumpatia nakala ndani ya miezi miwili, na linaweza kumtoza ada ndogo tu.

Jibu: Msomaji, Mombasa

Assalamu alaykum. Hao wanaosema sadaka haimlipi mtu ningependa wakumbuke aya ya 60 ya Surat Tawba, inayotaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na fungu la tatu ni la wale wanaoitumikia. Mkusanyaji ana haki yake, tena hata akiwa tajiri, kwa kuwa analipwa kwa kazi, si kwa shida. Katika madhehebu ya Shafii tuliyozoea pwani, haki hiyo ina mpaka wake, nao ni thumuni (moja ya nane) ya zaka. Michango yenu si lazima iwe zaka, lakini theluthi iko mbali sana na thumuni.

Hayo ya tuzo na vitabu aliyoyaeleza ndugu mhasibu yamenikumbusha hadithi iliyomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, ya mtu wa kabila la Azd aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi zingemfuata huko.

Jibu: Mkaguzi wa hesabu, Arusha

Mnazungumzia mshahara tu. Kwa uzoefu wangu, mshahara ndio sehemu iliyo rahisi kuonekana. Nimekagua vitabu vya mashirika ambamo mkurugenzi hapokei mshahara kabisa, lakini kuna posho ya safari kila wiki, gari, simu, na pango la ofisi ambayo ni nyumba yake mwenyewe. Kabla ya kujadili pendekezo jipya, ulizeni mwanzilishi amepokea nini hadi sasa kwa jina lolote lile.

Ulizeni pia kuhusu upande wa Tanga. Fedha zikishavuka, zinapokelewa na nani? Kama ni shirika lililosajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, yaani sheria ya Tanzania ya mashirika yasiyo ya kiserikali, linawajibika kuandaa taarifa ya mwaka na kuiweka wazi kwa umma. Kama zinaingia kwenye simu ya mtu, basi hesabu nzuri za Leicester zinaishia uwanja wa ndege.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Nimesoma katiba yetu: inakataza mdhamini kulipwa, na haimtaji mke wala shemeji. Ofisi ya Tanga ni chumba katika nyumba ya ndugu wa mwanzilishi, na pango linalipwa. Je, tuanze kwa kuongeza wadhamini wapya, au kwa kuomba hesabu?

Mhasibu, London

Ombeni hesabu kwanza, kwa maandishi, na tarehe iwepo kwenye barua. Wadhamini wapya wataulizwa kuhusu pango hilo siku ya kwanza, na ni haki yao kulijua kabla hawajatia saini. Jibu likichelewa kupita miezi miwili, iandikieni Tume.