Tupeane uzoefu: mke na mume wote wana mishahara, mbona hesabu zao za nyumba hazilingani?

Assalam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu hapa Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, na mume wangu huvuka kwa boti kila asubuhi kwenda kazini Mokowe, upande wa bara. Juzi karani wa utafiti alituhoji mmoja mmoja, mimi ndani, mwenzangu barazani. Usiku tulipolinganisha majibu, kumbe yeye alisema chakula ni juu yake, nami nilisema ni juu yangu, na hakuna aliyedanganya. Yeye hununua gunia la mchele na mtungi wa gesi, vikabebwa na punda kutoka gatini mtaa mzima ukiona. Mimi hutoa mia mbili ya samaki, hamsini ya nazi, ishirini ya ndimu, siku baada ya siku, na nilipoziandika daftarini mwezi mzima, zilipita bei ya gunia.

Mwaka 1979, watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly walieleza kwamba wanandoa walipoulizwa kila mmoja sehemu yake ya kazi za nyumbani, majibu ya wawili yakijumlishwa mara nyingi yalizidi kazi yenyewe, kwa kuwa mtu hukumbuka kwa wepesi aliyoyatenda mwenyewe. Nakubali, ila si kumbukumbu tu: utafiti wa matumizi ya muda wa Kenya wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na ulezi zisizo na malipo.

Je, ninyi mlitofautiana katika lipi?

Jibu, Lamu: Mwanangu, kwetu ni maji. Mume wangu alisema tunapokezana kuamka usiku maji ya mfereji yanapotoka. Huamka mimi.

Jibu, Malindi: Mwalimu, kwetu ilikuwa mshahara wa mke wangu, ambaye ni muuguzi. Mimi nilitaja ule niliouona katika barua yake ya ajira, yeye akataja unaobaki baada ya makato ya mkopo. Mkopo huo sikuujua. Aliuchukua kumwezekea mamake nyumba kwa mabati. Niliumia, si kwa sababu ya fedha, bali kwa kuwa aliogopa kuniambia. Siku hizi kila mwisho wa mwezi tunaketi, kila mtu na karatasi yake ya mshahara mkononi, na makato tunayasoma kwa sauti.