Filamu zimetuchafua watu wa mauzo, halafu mabosi wanazifanya mtaala

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, asiyetaka kelele apite.

Hivi hawa watengeneza filamu tuliwakosea nini? Daktari akitokea anaokoa watu. Wakili anatetea wanyonge. Hata jambazi anatafutiwa sababu, sijui mama mgonjwa, sijui alionewa utotoni. Muuzaji akitokea tu, ujue kuna mtu anaibiwa. Suti inang'aa, nywele zimelazwa kwa mafuta, meno yote nje, na neno la kwanza ni uongo.

Na wanaanza na watoto. Kwenye Matilda ya mwaka 1996, baba mtu, Danny DeVito, anauza magari yaliyotumika. Kilomita anazirudisha nyuma kwa drili, bampa anaibandika kwa gundi, tena anajisifu mbele ya wanawe. Mtoto akikua anakutana na Fargo, nayo ya mwaka huohuo, ambamo muuza magari anakodi watu wamteke mke wake mwenyewe ili baba mkwe atoe hela. Yaani hata utekaji kazi imepewa seles!

Hayo ningeyavumilia, maana ni michezo. Kinachoniua ni mabosi kuangalia filamu hizihizi na kuona mwalimu amepatikana.

Nani humu hajawahi kuambiwa kwenye usaili "niuzie hii kalamu"? Hiyo imo kwenye The Wolf of Wall Street ya 2013. Umekaa mbele ya watu watatu, kiyoyozi kinakupiga kisogoni, mmoja anakusogezea bolpeni yake na tabasamu la kujua sana. Ukimuuliza kama muuzaji anavyotakiwa kuuliza, kwamba kwa sasa ananunua wapi, anatumia ngapi kwa mwezi, nini kinamkera kwenye hizo alizonazo, anakunja uso. Anataka uigize. Anataka maneno.

Wakati mwenye hadithi, dalali wa hisa Jordan Belfort, ni mhalifu aliyekiri ulaghai mahakamani, akakaa gerezani miezi 22 na kuamriwa kuwalipa aliowaliza zaidi ya dola milioni 110. Kwenye filamu hao walioibiwa karibu huwaoni, unawasikia tu kwenye simu. Ila yeye Belfort halisi kapewa nafasi mwishoni, ndiye anayemkaribisha jukwaani DiCaprio, mwigizaji aliyemwigiza yeye, akafundishe watu kuuza. Na huyo ndiye mfano tunaowekewa vijana wa Dar waliomaliza chuo juzi wanatafuta ajira!

Sasa njooni kwenye Glengarry Glen Ross ya 1992. Kile kipande cha Alec Baldwin akiwatukana wauza ardhi mnakijua, kinazunguka kila semina. Zawadi ya kwanza Cadillac, ya pili seti ya visu, ya tatu umefukuzwa kazi. Kwenye kampuni moja niliyopita, meneja alikirusha kwa projekta Jumatatu asubuhi kabla hatujaingia ruti, akatupigisha na makofi. Baadaye kabandika ukutani majina ya walioko chini ya tageti kwa wino mwekundu. Motisha hiyo.

Bosi, uliimaliza filamu? Baada ya yale matusi hakuna anayeamka akawa shujaa. Mzee Levene, Jack Lemmon yule, ana binti hospitalini na hana mauzo, anaishia kuhusika na wizi wa ofisini, yale majina ya wateja wazuri ambayo wakubwa waliyafungia kabatini. Anabanwa, anaumbuka. Aliyeandika, David Mamet, aliwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya kuuza ardhi Chicago, alikuwa anajua anachokisema. Na huyo mtu wa Baldwin hakuwemo hata kwenye tamthilia yake, aliongezwa kwenye filamu. Ile filamu inamsuta bosi, na bosi kasimama mbele ya projekta anaipigia makofi.

Kazi yenyewe waliomo wanaijua. Mimi nasambaza vitu vya dukani, maji, juisi na biskuti, ruti ya Mbagala mpaka Chamazi. Unafika kwa Mangi, yule mwenye duka la mtaani, dirisha la nondo, unasimama pembeni kwanza maana kuna mtoto katumwa unga na mafuta ya kupima, huyo ndiye mteja, wewe subiri. Zamu yako ikifika, Mangi hakuulizi bei. Anakutolea katoni ya juisi zilizovimba: "Kaka, hizi ulisema utanibadilishia." Unafungua friji la kampuni, lile tulilompa bure liwekwe vinywaji vyetu tu, unakuta soda za washindani na mfuko wa dagaa. Ndiyo unaanza mazungumzo ya deni. Maana mzigo ulishuka mali kauli, auze kwanza ndipo alipe, na asipolipa mwisho wa mwezi unakatwa wewe. Kwenye kamisheni yako. Hilo mmeliona kwenye filamu gani?

Na hapa ndipo wanapotudanganyia umma kabisa. Muuzaji wa kwenye filamu hamrudii mteja. Anapiga domo, mkataba unasainiwa, muziki, kwaheri. Mimi nikimdanganya Mangi leo, Alhamisi nina oda dukani kwake na kwa jirani yake, na kwa shemeji yake mtaa wa pili ambaye kashapigiwa simu. Nitapita wapi?

Kidogo The Pursuit of Happyness ya 2006 imejitahidi. Will Smith anatembea San Francisco na mashine za kupima mifupa ambazo madaktari hawazitaki, halafu kule kwenye mafunzo ya kuuza hisa kwa simu hataki hata kurudisha mkono wa simu mahali pake, kuokoa sekunde, na maji hanywi asije akapoteza muda chooni. Hiyo naijua. Lakini nayo ikaisha kama kwamba kakombolewa kutoka kwenye mauzo. Kakombolewa kwenda wapi? Si kapewa simu auze vilevile, tofauti ni bidhaa!

Wa kwetu nao wasijifiche. Dada wa duka la nguo kazi yake ni kutongozwa na tajiri, winga wa Kariakoo, yule anayekutafutia bidhaa madukani, kazi yake ni kuchekesha na kukimbia na chenji ya mtu. Matokeo yake ukweni ukiulizwa unafanya kazi gani, unajibu "niko kitengo cha masoko", sauti chini.

Najua kuna watakaokuja kusema mbona matapeli wapo kweli. Wapo, wa viwanja hewa tunawajua na wengine tunakunywa nao chai. Polisi wala rushwa nao wapo, ila kila mwaka polisi wanatengenezewa filamu ya kuwasafisha.

Nitajieni moja tu ambayo muuzaji anabadilisha katoni zilizoharibika, anakusanya madeni na wiki ijayo anapokelewa tena dukani. Na wewe meneja wangu wa zamani, kama unasoma humu: kile kipande ulichotuonyesha kiko mwanzoni mwanzoni. Mbele yake kuna zaidi ya saa nzima, kaa uiangalie.