Naombeni ushauri: hamu ya kujiumiza ikinijia usiku, nifanye nini?

Kimya_Kingi (mleta uzi)

Habari zenu wapendwa. Najua kuna watakaonishangaa, lakini jambo hili nimelibana muda mrefu na sina tena pa kulipeleka.

Mimi ni msichana wa miaka 22. Tangu nikiwa sekondari, nikizidiwa na mawazo huwa najiumiza mwili. Sitaeleza namna, maana sitaki mwenye hali kama yangu asome hapa akapata wazo. Sifanyi ili nionekane, najificha mpaka leo watu wa nyumbani hawajui. Wala sifanyi kwa kutaka kufa. Kuna kitu kinajaa kifuani, sijui ni hasira, sijui ni aibu, na nikishajiumiza kinashuka kidogo. Baada ya muda mfupi nabaki na aibu mpya juu ya ile ya zamani.

Nimeamua kuacha. Mchana najitahidi. Shida ni usiku wenzangu wakishalala, hasa kama siku hiyo nimegombana na mtu au nimesemwa vibaya. Hamu inakuja kama amri. Nimejikaza, nimejikemea, nimejiambia mimi ni mtu mzima sasa. Haisaidii, ndiyo kwanza inazidi.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, mbinu za kweli za kuivuka ile saa, maana "jikaze" nimeisikia sana. Pili, nimwambieje mama bila kumvunja moyo? Tafadhali msinitukane.

Mwanga_Mdogo

Pole sana mdogo wangu. Hakuna wa kukutukana hapa. Nimepita hapo ulipo, kwa hiyo nakuambia kilichonisaidia mimi.

Unasema inakuja kama amri. Ni kweli inasikika hivyo, lakini ukweli ambao hakuna aliyeniambia mapema ni kwamba hamu ile haina uwezo wa kupanda bila mwisho. Inapanda, inafika kilele, halafu inashuka yenyewe hata usipoitii. Sisi tunaojiumiza huwa hatujui hilo kwa sababu kila mara tunaitii kabla haijashuka, halafu tunaamini kujiumiza ndiko kulikoishusha. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, alifundisha njia ya kuikabili hali kama hii alipokuwa akiwasaidia watu wenye uraibu: ichukulie hamu kama wimbi, usipigane nalo na usilikimbie, kaa juu yake mpaka lipite.

Kwa vitendo ni hivi. Ikianza, usijiambie "sitafanya tena maisha yangu yote". Hiyo ahadi ni nzito mno kwa saa saba usiku. Jiambie, "Nitaamua baada ya dakika 15." Weka saa ya simu ihesabu. Halafu toka chumbani, nenda popote palipo na taa, na uitafute hamu mwilini. Mimi nilikuwa naisikia kwenye taya na viganja vya mikono. Nilikuwa nanong'ona kabisa: "Taya zimekaza. Viganja vina joto. Sasa hivi imepanda. Bado ipo. Naona imepungua." Saa ikilia na bado ina nguvu, weka dakika nyingine 15. Mara za mwanzo nilihangaika kweli, sikufichi. Baadaye mwili unaanza kuamini kwamba kweli inapita.

Jabali_01

Dada sali sana na usipende kukaa peke yako. Hayo ni mawazo tu, yataisha.

Mwanga_Mdogo

Kaka Jabali, kusali kunampa mtu nguvu na mimi mwenyewe nasali. Ila naomba tusimwambie mtu anayeumia kwamba ni "mawazo tu". Alichokuja nacho ni maumivu, na anaweza kusali na bado akahitaji mtu wa kukaa naye na mtaalamu wa kumsikiliza. Hapo kwenye kutokaa peke yake nakuunga mkono.

Nesi_wa_Zamu

Kimya_Kingi, kabla sijashauri chochote nakuuliza moja kwa moja, kama ninavyowauliza wagonjwa wangu: kuna wakati unafikiria kufa au kujiua? Watu wengi huogopa kuuliza wakidhani watampandikizia mtu wazo. Sivyo, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na wengi hupumua wakiulizwa. Kama jibu ni ndiyo, au likigeuka kuwa ndiyo usiku wowote, hizi mbinu za kwenye uzi ziache pembeni. Mwamshe mtu aliye karibu, usibaki peke yako, piga namba ya dharura ya ulipo au nenda hospitali usiku huohuo. Na ukijiumiza jeraha likawa kubwa, nenda ukatibiwe hata kama unaona aibu.

Sasa nije kwenye swali lako. Hamu ikiwa kileleni, kichwa hakipokei mawaidha, kwa hiyo anza na mwili.

Kuna maji baridi. Jaza beseni, bana pumzi, inama uzamishe uso mpaka usawa wa macho na mashavu kwa sekunde kadhaa, inuka upumue, rudia. Mwili wa binadamu una mwitikio wa asili: uso ukiguswa na maji baridi huku pumzi imebanwa, mapigo ya moyo hupungua, na utulivu hufuata. Ila wenye matatizo ya moyo au wanaojinyima kula wasijaribu kabla ya kuongea na daktari.

Kuna pumzi pia. Vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita au nane. Kilicho muhimu ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Na kama ni hasira zaidi kuliko huzuni, mwili unataka kutumika: panda na kushuka ngazi, ruka papo hapo, sukuma ukuta kwa nguvu zako zote mpaka mikono ichoke.

Utakutana na watu wanaoshauri ujipe maumivu madogo badala ya makubwa. Mimi siungi mkono. Yanaufundisha ubongo jambo lilelile tunalotaka usahau, kwamba nafuu inapatikana kwenye maumivu.

La mwisho, na nalitilia mkazo kuliko yote: vitu unavyotumia visikae chumbani kwako. Mpe mtu, tupa, au viwe mahali ambapo kuvifikia kunahitaji kumwamsha mtu. Hamu ina haraka sana, na ukiichelewesha hata kidogo unapata nafasi ya kufikiri. Pombe nayo iepuke, inaondoa breki hasa saa unayozihitaji. Angalia pia kama umekula na umelala. Nimeona wengi ambao usiku wao mbaya ulianza na siku ya njaa na uchovu.

Kimya_Kingi

Asanteni, nimesoma kila neno. Nesi, sifikirii kufa. Mwaka jana kuna kipindi nilifikiria, sasa hivi hapana. Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu, na kweli nimepumua.

Kuhusu vitu vya chumbani, naona ugumu kusema ukweli. Kuvitoa ni kama kuondoa kinga yangu. Najua inasikika vibaya.

Nesi_wa_Zamu

Haisikiki vibaya hata kidogo, ndugu yangu. Kwa miaka yote hiyo ndiyo njia uliyokuwa nayo ya kubeba mzigo, ni lazima uogope kuiachia kabla hujapata nyingine. Anza kwa kuviweka mbali kwa usiku mmoja, usiku ule unaojua siku imekuwa mbaya. Na asante kwa kunijibu ukweli kuhusu mwaka jana. Huyo mtaalamu utakayeonana naye, mwambie na hilo.

Mama_wa_Wawili

Mwanangu, nakujibu lile la mama kwa sababu nimekuwa upande wa mama. Mtoto wangu wa kiume aliniambia akiwa na miaka 17. Unaogopa utamvunja moyo. Ataumia, ndiyo, pengine atalia. Lakini kuumia kwa mzazi anayejua hakulingani na kwa mzazi anayekuja kugundua mwenyewe.

Usimwambie usiku hamu ikiwa juu, wala katikati ya ugomvi. Chagua saa ambayo nyote mmetulia na hakuna anayekimbilia mahali. Maneno yakikataa kutoka, andika. Mwanangu alinitumia ujumbe akiwa chumba cha pili: "Mama, kuna jambo zito nataka kukuambia. Naomba usinigombeze na usiniulize maswali mengi leo. Nikizidiwa na huzuni huwa najiumiza. Nataka kuacha na nahitaji msaada wako." Nilisimama mlangoni kwake sijui hata miguu ilinifikishaje.

Mwombe kitu kimoja anachoweza kufanya. Wazazi tukipewa habari nzito bila kazi ya kufanya tunachanganyikiwa, tunaanza kupekua begi na kukagua mikono. Mwambie, "Naomba nikikuamsha usiku ukae nami, tusiongee." Hiyo ni kazi, ataishika.

Na akikutaka uape kwamba hutarudia, kataa kwa upole. Mwambie, "Siwezi kukuapia hivyo, ila nakuahidi nitakuambia." Kiapo kikivunjika mtoto anaanza kujificha upya. Ahadi ya kuambiana inabaki hai hata siku ukiteleza.

Kama mama yako ana hasira za karibu au unahisi hatalipokea vizuri, anza na mtu mzima mwingine: shangazi, dada mkubwa, mwalimu unayemwamini. Si lazima wa kwanza awe mama.

Kalamu_na_Daftari

Nimefurahi mmesema mengi ya ile saa yenyewe. Mimi naongeza la mchana, kwa sababu usiku wako unaanza mchana.

Tafuta karatasi, chukua usiku mmoja mbaya uliopita, urudi nyuma hatua kwa hatua. Nini kilitokea? Ukajiambia nini? Ukahisi nini, ukafanya nini baadaye? Kwa mfano: nilisemwa mbele ya watu, nikajiambia sina thamani, nikakosa kula, nikaingia chumbani mapema, nikarudia maneno yale kichwani, hamu ikaja. Ukiiona imeandikwa hivyo, utagundua kulikuwa na sehemu kadhaa za kuchepuka kabla ya kufika kwenye hamu. Pengine kwako ni pale ulipoingia chumbani mapema.

Uchambuzi wa aina hii hutumika sana katika tiba ya kidayalektiki ya tabia (DBT), yaani tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kubeba hisia kali bila kujidhuru, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani. Utafiti wake wa kwanza mkubwa ulichapishwa mwaka 1991, ukihusu wanawake waliokuwa wakijidhuru mara kwa mara, na waliopata tiba hiyo walipunguza kujidhuru. Mwaka 2011 Linehan alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alijidhuru na kulazwa alipokuwa binti. Nakutajia hilo makusudi. Aliyejenga tiba hii alitoka humohumo ulimo wewe.

Halafu, ungali mtulivu, andika mpango wako kwenye kadi au kwenye simu: dalili zako za mwanzo, mambo matatu unayoweza kufanya peke yako, mtu wa kumpigia hata kama ni kupiga soga tu, mtu wa kumwambia ukweli, namba ya mtaalamu au ya dharura, na vitu vya kuondoa chumbani. Usiku kichwa hakikumbuki. Wewe usome tu mpango huo.

Kimya_Kingi

Nimerudi. Jana nilifanya ile ya kurudi nyuma na karatasi. Kwangu ni kusoma tena na tena meseji za ugomvi nikiwa nimejifunika shuka. Kabla ya hapo hamu haipo. Kwa hiyo usiku simu inalala sebuleni, nimetafuta saa ya mezani ya kuniamsha na kuhesabu zile dakika, na mpango wangu nimeuandika kwenye kadi. Nikihitaji kupiga, simu ninayo hapo sebuleni, na kuna taa.

Mama bado, ila nimemwandikia dada yangu mkubwa. Nilitumia maneno ya Mama_wa_Wawili karibu yote. Alinijibu, "Nakuja." Akaja. Hivi vitu vya chumbani anavyo yeye, na ameniahidi tutamwambia mama pamoja.

Nina miadi na mshauri nasaha wiki ijayo. Swali la mwisho: nikifika nianzie wapi? Naogopa atataka kuona makovu.

Nesi_wa_Zamu

Hongera sana, na dada yako mpe asante yangu. Anza na sentensi moja: "Huwa najiumiza nikizidiwa, nataka kuacha." Yeye ataendeleza. Ukishindwa kuitamka, mfungulie uzi huu asome ulichoandika mwanzo. Makovu ni yako, mshauri hana sababu ya kudai kuyaona. Ila kama kuna kidonda kibichi, mwonyeshe nesi au daktari kitibiwe. Muulize mapema mambo gani yatabaki siri yenu na yapi atalazimika kumwambia mtu mwingine, kwa kawaida ni pale maisha yako yakiwa hatarini. Nenda na ile karatasi na kadi yako. Na usipoelewana na mshauri wa kwanza, omba mwingine, inaruhusiwa kabisa. Kabla hujatoka, chukua tarehe ya miadi inayofuata.